Wanga, Mafuta na Miguu ya Pasi

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya madebe mawili ya gundi. Kitasa chake bado kipo, na kila mgeni hukikalia mara moja tu. Akishajifunza, hakikalii tena. Limekaa mbele ya kibanda cha fundi viatu, kushoto likiegemea ukuta wa duka la dawa, kulia likinusa mikate inayotoka tanurini kwa jirani. Saa kumi alasiri, kazi zikiwa zimepoa lakini aibu ya kufunga mapema ingalipo, wanaume wanne hukaa pale na chupa moja ya kahawa, wakasuluhisha mambo ya dunia ambayo dunia haikuwaomba. Nyumbani wakiulizwa walikuwa wapi, husema walikuwa na kikao. Alhamisi hii kikao kilikuwa cha kweli, maana mmoja wao alikuwa na sufuria tupu na siku mbili tu za kuijaza.

Mwenye sufuria ni Kisigino, fundi viatu mwenyewe. Amemlea binti yake peke yake tangu mtoto ana miaka minane. Mama mtu alikwenda zake, na hilo leo halituhusu. Mwanamume akiachwa na mtoto na jiko hujifunza kupika vitu vinne, na Kisigino alijifunza vitatu na mchuzi. Binti anaitwa Pasi mtaa mzima, kwa kuwa ananyoosha mashuka kwa dobi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, amesimama. Kabla ya hapo, alfajiri, hukimbia. Jumapili hukimbia mpaka watu wanaotoka kusali wanamwonea huruma.

Sasa Jumamosi ilikuwa na mchujo wa kilomita thelathini na tano. Watatu wa kwanza huchukuliwa kambi ya wakimbiaji: kitanda, mwalimu, jozi mbili za viatu kwa mwaka, na mashuka ananyoosha mtu mwingine. Kambi haimpokei aliyefikisha miaka ishirini na saba. Pasi anaifikisha mwezi ujao. Kwa hiyo hakuna cha mwakani.

Wiki sita nyuma mwalimu wa mbio alimpa kila mzazi karatasi yenye safu mbili. Kushoto safu ya wanga, kulia safu ya mafuta, na chini kwa kalamu nyekundu: *Chagua njia moja. Usichanganye.* Kisigino alichagua ya kulia, kwa sababu siku ile jirani yake wa duka la dawa alipiga kelele kuliko wote. Basi Jumapili iliyopita, kilomita ya ishirini na nne, Pasi akakaa ukingoni mwa barabara akasema miguu imekataa. Alirudishwa na pikipiki ya muuza maziwa, kapakiwa katikati ya madumu. Tangu siku hiyo Kisigino hakusema neno, ila alijichoma kidole na sindano mara tatu kwa siku moja, na kwa fundi wa miaka thelathini hiyo ni hotuba.

— Soma tena karatasi, alisema Mahakama, akimimina kahawa.

Huyu alikuwa tarishi mahakamani miaka ishirini na miwili, akibeba mafaili asiyoyafungua. Alipostaafu aliondoka na sheria zote, na chupa ya kahawa.

— Nimesoma mara mbili, mzee wangu.

— Soma ya tatu. Kielelezo husomwa mara tatu.

Kisigino akafuta gundi vidoleni, akaikunjua.

— Kushoto: wali, mkate, uji, tambi, na vya aina hiyo. Kulia: mayai, nyama yenye mafuta, samaki, siagi, parachichi, karanga, majani ya kijani. Chini: chagua njia moja, usichanganye.

— Na mshtakiwa alichagua ipi?

— Mshtakiwa ni nani?

— Wewe.

— Ya kulia.

— Basi kesi imekwisha, alisema Tanuri. Umemnyima mtoto wanga, mtoto kaanguka. Wewe ulitegemea nini, apae?

Tanuri ndiye muoka mikate, mtu mnene mwenye nyusi zenye unga tangu ujana wake, hata siku ya harusi yake zilikuwa nazo. Aliyemjibu ni yule wa duka la dawa, Daktari Nusu, aliyesomea uuguzi mwaka mmoja na nusu kati ya mitatu, na koti jeupe akalibakiza lote.

— Wewe uza mikate, mambo ya mwili tuachie wenyewe. Sikilizeni. Mwili una matangi mawili. Tangi dogo ni la wanga, liko kwenye ini na kwenye misuli ya mapaja. Hata ulijaze mpaka limwagike, mtu akikimbia kwa kasi litampeleka saa moja na nusu, saa mbili hivi, linakauka. Tangi kubwa ni la mafuta. Hata Pasi, alivyo mwembamba vile, ana mafuta ya kumfikisha mbali.

— Mbali wapi?

— Mbali.

— Wapi?

— Mpakani na kurudi.

— Pasi ana mafuta! Tanuri alicheka hadi kahawa ikamtoka puani. Pasi akisimama karibu na mlingoti wa taa, mbwa hajui achague upi!

— Huyo ni mwanangu unayemsema, Kisigino alisema bila kuinua kichwa.

— Namsifu, ndugu yangu. Namsifu.

— Shida ni kwamba mwili ni mvivu, Daktari Nusu aliendelea. Ukiuzoesha wanga, tangi kubwa hauligusi. Ndiyo maana unauzuilia wanga, ujifunze kunywa upande wa pili. Hiyo ndiyo keto. Mwanzoni mtu anachoka, kichwa kinamgonga, anakuwa mkali. Halafu anazoea.

— Baada ya wiki ngapi?

— Mbili. Tatu. Wengine nne.

— Leo ni ya sita.

— Wengine sita.

Kisigino alishika sindano hewani.

— Lakini Pasi hakuwa mkali.

— Vipi?

— Hakuumwa kichwa. Hakuwa mkali. Wiki ya kwanza alikuwa anaimba.

— Hiyo ni damu nzuri, alisema Daktari Nusu haraka. Ukoo wenu una damu nzuri.

— Na ile mizani?

Mizani hiyo ni ya muuza chuma chakavu wa mtaa wa pili. Daktari Nusu ndiye aliyesema mtu akiacha wanga hupungua kilo mbili tatu wiki ya kwanza, kwa kuwa wanga hukaa mwilini na maji yake, ukiondoka unaondoka nayo. Basi Pasi akapelekwa kupimwa, akasimama pale kati ya feni bovu na nusu ya baiskeli. Kilo arobaini na tisa. Baada ya wiki, arobaini na tisa. Baada ya wiki sita, arobaini na tisa.

— Inaonyesha misuli imeongezeka mahali pa maji, alisema Daktari Nusu.

— Inaonyesha mizani ni mbovu, alisema Tanuri. Ile inapima magari.

— Inaonyesha, alisema Mahakama, kwamba subira huvuta heri.

Wote wakamwangalia.

— Mbona mnaniangalia? Endeleeni.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja na ndala ya ngozi iliyokatika mkanda. Hakuna aliyemjua. Alimpa Kisigino kiatu, akakaa benchini, akainuka kwa ghafla, akakaa tena hatua moja kando. Wanaume wakampisha bila kukatiza kikao, na yeye akaweka mguu wake mtupu juu ya kipande cha boksi akasubiri.

— Nawaambia mimi, alisema Tanuri. Nawasha tanuri mwaka wa ishirini na sita huu. Gogo linashika moto likakaa kutwa, sikatai. Lakini mikate imekuja mingi ghafla, nataka moto upande sasa hivi, natupa nini? Vijiti. Wanga ni vijiti. Mafuta ni gogo. Kwenye tambarare gogo linatosha. Fika kilimani uliombe gogo, litakwambia subiri. Na mchujo una vilima vitatu.

— Vinne, alisema Kisigino.

— Vinne! Kisha moto ni hewa. Mafuta yanakula hewa nyingi kuliko wanga kwa kazi ile ile. Mtoto yuko kilimani, pumzi hana, wewe unamwongezea kazi ya kupuliza jiko!

Hilo Daktari Nusu alikuwa amelisoma mahali, na hakupenda kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu mwenye unga kwenye nyusi.

— Wahenga walikwisha kutoa hukumu, alisema Mahakama. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.

— Inahusu nini hapa?

— Mgaagaa ni nani? Mtu asiyetulia. Anakwenda huku, anarudi huku. Asiyetulia kushinda mkimbiaji ni nani? Basi hali wali mkavu.

— Hali wali! Daktari Nusu alipiga goti lake. Mmesikia? Hali wali!

— Hali wali *mkavu*, alisema Tanuri. Wali anakula.

— Kwa hiyo, mzee, ni wali au ni mafuta? aliuliza Kisigino.

— Ni wali wenye mafuta.

— Karatasi inasema tusichanganye.

— Wahenga hawakupewa karatasi.

Kisigino alirudi kwenye mkanda wa ndala. Aliona heri mkanda. Una ncha mbili, na ncha zote mbili anazijua zinakwenda wapi.

— Tutumie akili, alisema Daktari Nusu. Kuna ndege wanavuka bahari bila kutua. Njiani wanakula nini? Hawali. Wanachoma mafuta yao, hao, mpaka ng'ambo.

— Na kabla ya kuruka walikula nini? Nafaka! Mashamba ya watu wameyamaliza! Nafaka ni nini kama si wanga?

— Nyangumi je?

— Nyangumi kashinda mbio gani?

— Ana mafuta, na anafika.

— Anafika kwa sababu hana pa kukaa, ndugu yangu. Pasi aliona ukingo wa barabara akakaa. Nyangumi angekaa wapi?

— Mimi nina mshumaa, alisema Mahakama. Mshumaa ni mafuta matupu. Unawaka vizuri kabisa. Lakini umewahi kuuona ukisogea?

Hakuna aliyewahi.

— Treni, alisema Tanuri. Treni ilikwenda kwa makaa. Makaa ni mti. Mti ni majani.

— Kwa hiyo?

— Majani ya kijani yako safu ya kulia, alisema Daktari Nusu polepole, akijishangaa mwenyewe. Kwa hiyo treni ilikuwa upande wangu.

— Treni haiwezi kuwa upande wako! Treni ni ya wanga!

— Treni inakula majani!

Kisigino alikuja benchini na swali moja la jikoni. Sasa alikuwa na ndege, nyangumi, mshumaa na treni, na sufuria bado tupu. Akauma uzi kwa meno.

— Na harufu je? alisema.

— Harufu gani? aliuliza Mahakama.

— Daktari aliniambia mafuta yakishika kazi, pumzi ya mtu inanuka kama tunda lililoiva kupita kiasi. Au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kila asubuhi namwita Pasi namwambia nipumulie. Ananipumulia. Wiki sita.

— Ukasikia nini?

— Dawa ya meno.

— Na siku nyingine?

— Kitunguu.

Daktari Nusu alikunja uso kama mtu anayesoma maandishi madogo kwenye pakiti ya dawa. Hapo yule mama wa ndala akakohoa kidogo, maana alikuwa amesikia mengi, na mwanamke aliyesikia mengi kuhusu jiko la mtu hawezi kuvumilia.

— Samahanini, baba zangu. Mimi mpita njia tu. Huyo binti mnayempikia, mchuzi wake mnatia nini?

Kisigino aliinua kichwa kwa mara ya kwanza jioni ile. Mchuzi ndio kitu kimoja alichokuwa hana mashaka nacho.

— Mchuzi wangu, mama, ni mchuzi. Nyama ya mafuta, sichagui nyekundu tupu. Siagi kijiko kikubwa. Kitunguu, karoti, viazi —

— Viazi?

— Vinne. Vikiwa vidogo, vitano. Na unga wa ngano vijiko viwili mwishoni, ushike. Mchuzi mwepesi ni kumtukana mgeni.

— Na anaumaliza?

— Anafuta sufuria.

Daktari Nusu alisimama taratibu, koti lake jeupe likamfuata.

— Kisigino. Viazi ni wanga.

— Najua viazi ni wanga. Vikiwa sahanini. Hivi vimo ndani ya mchuzi.

— Na unga wa ngano?

— Ule ni wa kuufanya mzito.

Msimcheke sana. Kisigino alifundishwa kupika na marehemu mama yake kupitia dirishani, yeye ndani, mama nje na bakora. Kwake chakula ni kile kinachopakuliwa kikakaa sahanini kama mlima. Kinachomiminwa juu yake ni mchuzi, na kilichomo kwenye mchuzi ni mchuzi. Karatasi iliposema aondoe chakula cha kushoto, aliondoa. Aliondoa wali. Aliondoa mkate. Uji aliuondoa na kuuomboleza. Kisha akaona mtoto atakonda, akaongeza viazi.

— Wiki sita! Daktari Nusu alishika kichwa. Wiki sita nawaeleza watu mtaani kwamba nina mkimbiaji wa keto! Nimemwambia hata tajiri wangu, mwenye duka!

— Utulivu, alisema Mahakama. Shahidi mmoja hatoshi. Je, kuna mwingine aliyemlisha binti huyu chochote cha safu ya kushoto? Aseme sasa.

Kila mtu akatazama kahawa yake. Tanuri akajifuta unga kwenye nyusi, ukahamia kwenye shavu.

— Kimoja tu, alisema.

— Kimoja nini?

— Mkate mdogo. Ule wa mviringo. Mtoto anapita saa kumi na moja alfajiri, baridi, mlango wangu uko wazi, mikate ndiyo inatoka. Nifanyeje? Nimfungie mlango usoni?

— Kila siku?

— Si kila siku. Jumapili ni miwili.

— Tanuri! alisema Kisigino.

— Nilikuwa namwokoa! Mlikuwa mnamuua kwa parachichi!

— Na wewe mzee, aliongeza Tanuri akimgeukia Mahakama, maana mtu aliyekamatwa hapendi kukaa peke yake. Kahawa unayompa akitoka kazini?

— Kahawa haiko kwenye safu yoyote.

— Sukari je?

— Vijiko vitatu. Sukari si chakula, sukari ni adabu. Mtu mzima hampi mtoto wa mwenzake kitu kichungu.

Wakageuka wote watatu kwa Daktari Nusu, na mama wa ndala naye akageuka, ingawa haikumhusu.

— Mimi? Mimi ndiye mwenye safu!

— Ile dawa ya kikohozi, alisema Kisigino.

— Ile ni dawa.

— Ni tamu.

— Imetiwa utamu ili inyweke.

— Ulimpa chupa ngapi?

— Nne.

— Kikohozi kilikwisha lini?

Daktari Nusu alifunga kifungo cha juu cha koti, ambacho hakijawahi kufungwa.

— Kwenye chupa ya kwanza. Lakini aliipenda.

— Chovya chovya humaliza buyu la asali, alisema Mahakama. Ilikuwa methali yake ya kwanza mwezi ule kukaa mahali pake, na hakuna aliyempongeza.

Basi mtu angedhani hapo wangenyamaza kwa aibu. Wanaume wa benchi aibu yao ni fupi kama kivuli cha saa sita. Daktari Nusu ndiye aliyeinuka kwanza, uso umemchangamka.

— Ngojeni! Kumbe mafuta hayajashindwa! Hayakujaribiwa hata siku moja! Aliyeanguka kilomita ya ishirini na nne ni mla wanga! Tangi dogo limekauka, hana pengine pa kunywa, kaanguka. Ni wako huyo, Tanuri! Mchukue!

— Wangu? Tanuri naye juu. Kamkate kamoja na viazi vinne ndio unaita mla wanga? Mla wanga hula akashiba! Huyo tangi lake halikujazwa hata robo! Aliyeanguka ni mla mafuta, wako, mchukue wewe!

— Wako!

— Wako!

— Aliyeanguka ni Pasi, alisema Kisigino.

Hakupaza sauti. Alikuwa ameweka sindano chini.

— Jumapili aliyekaa ukingoni ni Pasi. Nilimkuta kati ya madumu ya maziwa, ananiambia baba nilitaka kwenda, miguu ndiyo haikutaka. Na Jumamosi anayekimbia ni Pasi, si wanga wala mafuta. Saa kumi na moja hiyo inakuja, atatoka kazini ana njaa. Mimi sijasoma. Sitaki nyangumi. Niambieni leo naweka nini jikoni.

Walikohoa. Mahakama akatikisa chupa, akasikia haina kitu, akaitikisa tena kwa heshima.

— Wali, alisema Tanuri, safari hii kwa sauti ya mtu anayemwambia mwenzake. Wali leo, wali kesho, na mkate mwingi. Siku mbili mlishe mpaka akatae, apunguze kukimbia, tangi dogo lijae mpaka juu. Akiwa barabarani anywe kitu kitamu kila baada ya muda. Hata hao wakimbiaji wakubwa wengi hufanya hivyo.

— Wengine hawafanyi, alisema Daktari Nusu.

— Nani?

— Wengine. Wale wa mbio za kutwa nzima, za polepole. Wapo.

— Pasi anakimbia kutwa nzima?

— Hapana. Lakini ukimjaza wanga sasa hivi ghafla, tumbo litamgeuka, mwili utachanganyikiwa.

— Na hizi wiki sita mwili haukuchanganyikiwa?

— Ulichanganyikiwa kwa utaratibu.

— Mimi naamua nusu kwa nusu, alisema Mahakama. Wali kidogo, mafuta kidogo, mayai, mkate —

— Usichanganye! walisema watatu pamoja.

— Haya. Rufaa iko wazi.

Mama wa ndala alivaa kiatu chake, akakanyaga kanyaga, akaona mkanda umeshika.

— Sasa kama alikuwa anakula vyote, aliuliza, alianguka kwa nini?

Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anaulizia tu, kama mtu anavyoulizia bei ya kitu asichonunua. Alisubiri kidogo akitazama uso mmoja hadi mwingine, akashukuru kwa kiatu na kwenda zake.

— Inategemea, alisema Daktari Nusu, mama akiwa ameshakata kona.

— Inategemea nini?

— Ndiyo nasema. Inategemea.

Kisigino alichukua karatasi, akaitazama safu ya kushoto kutoka juu mpaka chini, kisha ya kulia kutoka juu mpaka chini. Alitafuta neno moja lililoandikwa pande zote mbili. Hakuliona. Akaigeuza, nyuma ilikuwa nyeupe. Akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa aproni, akainuka akaenda mlangoni mwa chumba chake, hatua tatu nyuma ya kibanda, ambako jiko lake huwa. Benchi zima likageuza shingo kumfuata.

Aliwasha jiko. Akachukua sufuria, akaijaza maji mpaka nusu, akateleka. Hapo alijisikia nafuu, kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Maji hayakuwa na upande.

— Anateleka nini? alinong'ona Tanuri.

— Maji.

— Maji ya wali au ya mayai?

— Kwa macho huwezi kujua.

Pasi akatokea kwenye kona, ananukia mashuka ya moto, nywele zimemlala kwa mvuke. Alitembea kama anayehesabu hatua zilizobaki. Viganja vyake vilikuwa vyekundu.

— Shikamooni.

— Marahaba, waliitika wote wanne kwa mara moja, kama watoto waliokutwa kabatini.

Alipita benchi, akafika jikoni, akafunua kifuniko akachungulia.

— Baba, leo unapika nini?

— Maji.

— Halafu?

Kisigino akamtazama Daktari Nusu. Daktari Nusu akamtazama Tanuri. Tanuri akamtazama Mahakama. Mahakama akakiinua kikombe chake, kitupu kama kilivyokuwa, akakinywa polepole mpaka mwisho. Jikoni maji yakaanza kuchemka, na Pasi alikuwa bado amesimama, kifuniko mkononi.